Doa Katika Picha ya Kifua



Mahindi yakigeuka njano, bwana shamba hasemi upesi chanzo chake. Huenda mbolea imepungua. Huenda maji yametuama. Huenda ni kiduha. Lazima achimbe atazame mizizi.

Kifua nacho ni hivyo. Picha ya eksirei huweza kuonyesha doa jeupe katika pafu. Saratani huonekana hivyo. Lakini kifua kikuu nacho huweza kuonekana hivyo hivyo. Hata kovu la kifua kikuu kilichopona huacha doa. Dalili pia hufanana: kikohozi, kukonda, kutoa damu.

Picha huonyesha mahali penye doa. Peke yake haitoshi kusema ni doa la nini. Kwa hiyo daktari hupima makohozi. Pengine hukata kinyama kidogo cha pafu akakipima.

Ukiambiwa una doa, usirudi nyumbani kungoja kifo. Uliza: "Daktari, makohozi yangu yamepimwa?" Kama unayo picha ya zamani, ipeleke. Doa ambalo halikukua kwa miaka mingi mara nyingi ni kovu.

Kifua kikuu hupona. Dawa zake hutolewa bure Tanzania, nazo humezwa kwa kawaida miezi 6. Usiache katikati. Na kama ni saratani, kuitambua mapema husaidia matibabu.

Ukikohoa wiki 2 au zaidi, nenda zahanati. Usikisie. Pima kwanza.