Mnamwita Mvivu kwa Nini?



Nilipokuwa darasa la sita nilikuwa kapteni wa kandanda. Kila kipindi cha michezo, mimi na kapteni mwenzangu tulisimama mbele tukachagua wachezaji mmoja mmoja, na aliyebaki wa mwisho kila mara alikuwa binamu yangu. Nani angemtaka? Mpira ulimpita katikati ya miguu, alijikwaa pasipo na jiwe, na kufunga kamba za viatu kulimshinda. Tukambandika jina, "Gunia". Baadaye akaanza kusingizia tumbo, kisha akazoea kukaa chini ya mti akitulindia sweta. Leo amenenepa, akipanda kilima anahema, na watu nyumbani wanasema eti ni mvivu.

Jamani, si mvivu! Kuna watoto wenye akili timamu na miguu mizima, lakini ubongo na viungo vyao havisikilizani vizuri. Wataalamu wanakadiria ni watano au sita katika kila watoto mia. Basi darasa la wanafunzi hamsini halikosi wawili au watatu. Huko Kanada watafiti waliwapima watoto wa shule mara kwa mara, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2010: wenye shida hii walikuwa wazito na wenye kiuno kikubwa kuliko wenzao, na tofauti hiyo haikupungua walivyoendelea kukua. Mimi sishangai. Anayechekwa huacha kucheza. Asiyecheza huongezeka uzito na kuishiwa pumzi upesi, kisha mchezo unamshinda zaidi, naye anachekwa upya.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku. Halikusema lazima ziwe za kandanda. Sisi hapa Loitokitok tunapenda washindi; hata Olimpiki ya Wamaasai kule Kimana, iliyoanza 2012, twashangilia wanaorusha rungu na kuruka juu. Sikatai, ni raha tupu. Lakini kutembea mwendo wa haraka na kuswaga punda wa maji ni mazoezi pia, na huko hakuna anayehesabu mabao.

Walimu wa michezo, nawaomba muache mtindo wa makapteni kuchagua. Tugaweni kwa nambari, yaishe.

Likizo ya Agosti nilimwita binamu tutembee hadi kwenye mfereji wa mashambani. Siku ya kwanza alikataa, akidhani namtania. Siku ya tatu akaja. Tukifika huko namrushia mpira kwa mkono, kwanza kutoka hatua mbili, halafu tatu, polepole. Jumamosi moja aliudaka mara nne mfululizo. Akaushika, akaniuliza, "Mbona wewe hukuwahi kunichagua?"

Nilikosa la kumjibu.