Bango la Godzilla si pambo la kupigia selfie!

Jamani, kuna hawa wakusanyaji wa mabango ya zamani ya Kijapani, majina kapuni. Kila wiki picha mpya: bango la Godzilla ukutani, mwenyewe kasimama mbele na miwani ya jua, chini kaandika bei. Bei tu! Filamu yenyewe hajaiona.

Basi wasikie. Godzilla ya kwanza, ya kampuni ya Toho, mwongozaji Ishiro Honda, ilitoka Novemba 1954. Miezi minane kabla, Machi 1, Marekani ililipua bomu la haidrojeni kule Bikini, majivu yakawaangukia wavuvi wa Kijapani kwenye meli ya Daigo Fukuryu Maru. Mmoja wao alifariki Septemba. Filamu ikaanza na meli inayoteketea baharini. Watazamaji wa Japani walielewa fasta. Lile dude ni kilio, siyo katuni.

Halafu kuna wa kufungia stoo. Mabango haya, mengi ya saizi B2, sentimita 51.5 kwa 72.8, yalichapwa yabandikwe watu wayaone. Sasa ukiyaficha ukingoja bei ipande, hiyo ni biashara. Sema ni biashara, usijiite mpenda sanaa.

Na wewe mwenye kopi ya juzi unayedai ni ya 1954: kopi siyo dhambi, uongo ndio dhambi.

Kabla ya kununua bango, tazama filamu. Dakika 96 tu. Ikikuacha vilevile, muachie mwingine.

Wadau, mnasemaje?