Soda si chakula cha mwanafunzi

Likizo iliyopita mpwa wangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kikuu kilicho mbali na hapa, alirudi nyumbani Kendu Bay amekonda, mikono ikimtetemeka. Usiku alizunguka uani hadi alfajiri, saa ambayo wavuvi wa omena hurejea ufuoni. Mama yake alidhani ni malaria. Alipopimwa, hakuonekana nayo.

Nilipomketisha ndipo aliponieleza. "Mjomba, mkopo ulichelewa. Mchana nilikuwa nanunua soda na mandazi mawili. Usiku nakunywa kile cha kuongeza nguvu ili nisome." Aliongeza kwamba moyo ulimwenda mbio, akawa na hofu asiyojua chanzo chake, na akaacha kuhudhuria mihadhara.

Tuanze na hesabu. Soda ya kola ya mililita 500 ina zaidi ya gramu 50 za sukari, yaani vijiko kumi na viwili hivi vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kuwa sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati anayopata mtu kwa siku, kiasi cha gramu 50 kwa mtu mzima, na ikiwezekana ishuke hadi 25. Chupa moja imemaliza kiwango cha siku nzima, na tumbo bado lina njaa.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini pia. Kopo la mililita 250 huwa na miligramu 80 hivi, na mwili huchukua takriban saa tano kupunguza nusu yake. Anayekunywa saa nne usiku bado ana nusu ya kafeini hiyo mwilini saa tisa usiku. Asipolala, kesho yake anachoka, anatafuta kopo jingine, na mzunguko unaendelea.

Je, soda ndiyo inayoleta sonona? Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa wanaokunywa sana vinywaji vyenye sukari huripoti dalili za sonona zaidi ya wengine. Hata hivyo, huo ni uhusiano tu. Huenda pia mwenye msongo wa mawazo ndiye anayeikimbilia chupa. Kwa mpwa wangu, njaa na ada ndizo zilizotangulia, soda ikafuata.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema vijana wamedekezwa na utamu. Wala sipigani na sukari. Kule Awendo jirani zetu wanalipia karo kwa miwa. Ninachosema ni kwamba kumkataza mwanafunzi soda bila kumpa mlo ni kumwachia njaa peke yake.

Kaunti zetu mbili sasa zina vyuo vikuu vyao, Tom Mboya kule Homa Bay na Rongo kule Migori. Kaunti, vyuo na wazazi wakae pamoja wakubaliane kuhusu mambo matatu: maji safi ya kunywa katika kila bweni, mlo wa bei nafuu hadi usiku wakati wa mitihani, na mshauri ambaye mwanafunzi anaweza kumwona bila kuonewa haya. Nayo serikali ifikishe mikopo muhula unapoanza.

Mzazi mwenzangu, ukimpigia mwanao simu leo jioni, usimuulize alama pekee. Muulize amekula nini, na jana alilala saa ngapi.