Kamera mbili, taa nzuri na askari aliye macho





Kila Ramadhani inapokaribia, suala moja hurudi katika vikao vyetu hapa Arua na kwa ndugu zetu wa Koboko: nani atalinda magari na pikipiki nje wakati watu wako ndani katika tarawehe? Mtu anatoka kuswali anakuta kioo kimevunjwa na begi lenye kompyuta halipo. Mwingine anakuta betri imeng'olewa. Na kijana wa boda boda akiikosa pikipiki yake, basi ni familia nzima iliyokosa riziki ya kesho.

Siku hizi jibu linalotolewa upesi ni kununua kamera za ulinzi. Sisi tunaliunga mkono. Lakini jibu hilo mara nyingi hufuatana na hoja ya pili: tununue kamera nyingi, kisha askari wa usiku aachishwe kazi ili mshahara wake ulipie kamera hizo. Hoja hii tunaipinga, na tunaomba kila kamati iitafakari kabla ya kugusa fedha za waumini, kwani fedha hizo ni amana.

Kamera inafanya nini hasa?

Mwaka 2009 watafiti Brandon Welsh na David Farrington walichapisha mapitio ya tafiti 44 kuhusu kamera za ulinzi, nyingi zikiwa za Uingereza. Kwa jumla uhalifu ulipungua kwa asilimia 16 tu, lakini kwenye maegesho ya magari ulipungua kwa takriban nusu. Wanaouza kamera hupenda kuishia hapo. Tuisome habari yote: katika mengi ya maegesho hayo kamera hazikuwekwa peke yake, bali ziliandamana na taa bora na walinzi.

Sababu yake inaeleweka. Mwizi haogopi kupigwa picha, anaogopa kuonwa na mtu atakayemfikia. Na kwetu sisi jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu tuko mpakani. Pikipiki iliyoibwa Koboko usiku inaweza kuwa imeshavuka Oraba kuelekea Kaya, Sudan Kusini, kabla ya adhana ya alfajiri. Iliyoibwa Arua inaweza kuwa Ariwara, Kongo. Video safi ya kutazama asubuhi haitairudisha. Kwa hiyo tuchague vifaa vya kumzuia mwizi asianze, si vya kutuonyesha tu jinsi alivyomaliza.

Wapo wanaosema tungoje kamera za serikali. Ni kweli, mpango wa taifa wa kamera ulianza mwaka 2018 kwa jiji la Kampala, baada ya mauaji ya Andrew Felix Kaweesi wa Jeshi la Polisi mnamo Machi 2017. Lakini kamera hizo ni za barabarani. Uani mwa msikiti na mwa madrasa ni jukumu letu wenyewe.

Mambo ya kuangalia kabla ya kununua

1. Anzeni na taa. Kamera bila mwanga ni jicho gizani. Taa mbili tatu za sola zinazoangaza lango na safu za magari huenda zikazuia wizi mwingi kuliko kamera ya nne na ya tano.

2. Kamera mbili au tatu zinatosha kwa uwanja mdogo. Moja ielekee lango, kwani kila anayeingia na kutoka hupita hapo. Nyingine ione uwanja wote. Megapikseli 2 zinatosha kwa kazi hii. Ya langoni ifungwe kati ya mita 2.5 na 3 kutoka chini. Ukiipandisha mnarani itaona kofia na vilemba tu, haitaona nyuso.

3. Ijaribuni usiku. Kamera nyingi za bei nafuu huona gizani kwa mwanga wa infraredi, na picha yake huwa nyeusi na nyeupe. Mwanga huo ukigonga namba ya gari, namba inaweza kung'aa isisomeke. Msimlipe fundi sehemu ya mwisho ya fedha mpaka mmeiona picha ya saa tatu usiku.

4. Umeme wa akiba. Kwa miaka mingi Nile Magharibi tulitegemea jenereta za mafuta na bwawa dogo la Nyagak lenye megawati 3.5, lililoanza kazi mwaka 2012. Giza tunalijua. Mfumo wa kamera nne na mashine yake ya kurekodia ukitumia wati 40, kwa saa 12 za usiku utahitaji wati-saa 480. Betri nzima ya volti 12 yenye Ah 100 inaweza kuubeba mzigo huo bila kuishiwa. Mwizi hupenda usiku ambao umeme umekatika, na kamera iliyozimika usiku huo haina faida.

5. Nafasi ya kuhifadhi. Kamera moja ikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde, hujaza takriban gigabaiti 21 kwa siku. Kamera nne zitaijaza diski ya terabaiti 1 kwa siku 11 au 12. Kwa wizi unaogunduliwa usiku uleule, muda huo unatosha.

6. Mashine ifungiwe. Iwekwe ndani ya sanduku la chuma, mbali na mlango, na neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ileile. La sivyo mwizi ataondoka na ushahidi wake.

Heshima za watu

Qur'ani imekataza upelelezi baina yetu na ikatuamrisha kubisha hodi kabla ya kuingia nyumba za watu. Basi kamera isielekezwe kwenye mlango wa wanawake, mahali pa kutawadha, wala ua wa jirani. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 27, inalinda faragha, na tangu 2019 tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi. Wekeni kibao langoni kinachosema kuna kamera. Kibao hicho ni haki ya mgeni, na pia kinamtisha mwizi.

Tunalohofia zaidi ni picha kurushwa WhatsApp. Picha yenye ukungu ya kijana mwenye kofia inaweza kufanana na vijana ishirini wa mtaani, wakiwemo wanafunzi wetu. Sote tunajua mtu akiitiwa mwizi barabarani yanaweza kumfika yapi kabla polisi hawajafika. Damu ya mtu haiwezi kuwa bei ya kioo cha gari. Watu wawili walioteuliwa na kamati washike ufunguo, na picha ipelekwe polisi tu.

Na askari?

Abaki. Mpeni tochi, filimbi, na kioo kidogo cha kutazamia kamera akiwa kibandani kwake. Mzee aliyewajua watu wetu kwa miaka mingi anatambua gari lisilo letu na kijana asiye na shughuli pale. Kamera haijui hayo. Kumfukuza ili tununue kamera ni kuyaacha macho yenye miguu tukachukua macho yasiyo na miguu.

Nanyi wanafunzi, msiache begi wala simu likionekana ndani ya gari. Wenye pikipiki, fungeni mnyororo. Mtume (s.a.w.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ategemee kwa Allah. Kufunga kwetu leo ni taa, askari na kamera chache zilizochaguliwa kwa akili.