Wepesi wa Pishi Hutokana na Maarifa

Mwezi wa Septemba uanzapo katika nchi za kaskazini, na majani ya miti yaanzapo kugeuka rangi kabla ya kupukutika, matufaa huiva kwa wingi mashambani, na mapishi ya vitamutamu vya tufaa hutangazwa kila upande kwa sifa moja kubwa, nayo ni wepesi. Mpishi huambiwa kwamba hana haja ya kujua lolote: afungue kopo la matufaa yaliyokwisha kupikwa, amwagie juu yake unga wa keki wa paketi, atie sinia ndani ya joko, akae angoje. Mimi ni mpenzi wa pishi jepesi, tena natamani aila zetu zilipike. Lakini nashikilia kuwa wepesi wa namna hiyo ni wa jina tu, kwa sababu umepunguza maarifa pasipo kupunguza taabu kwa kiasi cha kutajika, ilhali wepesi wa kweli, ule umpao mtu chakula kizuri kwa kazi kidogo, hutokana na kujua tufaa ni kitu gani, huiva lini, na moto hulifanya nini.

Asili ya tufaa ni milima ya Tian Shan, huko Kazakhstan, na katika safari yake ndefu ya kuenea Ulaya na baadaye Marekani limezaa maelfu ya aina, kwa kuwa mbegu yake haifuati mama: ukipanda mbegu za tufaa tamu, aghalabu utavuna matunda makali yasiyolika, na mara moja moja, kwa bahati, utapata tunda jipya lenye fadhila ambayo haikupata kuonekana. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1809 katika mji mdogo wa Southwell, Uingereza, ambako msichana aliyeitwa Mary Ann Brailsford alipanda mbegu za tufaa, na mche mmoja ukakua ukazaa matunda makubwa ya kijani, makali mno kuliwa mabichi, lakini yenye ladha isiyo kifani yakipikwa. Nyumba yenye mti huo baadaye ilinunuliwa na muuza nyama, Matthew Bramley, na mwaka 1856, kijana mkuza miche Henry Merryweather alipomwomba vijiti vya kubebeshea, Bramley aliridhia kwa sharti kwamba tufaa liitwe kwa jina lake. Msichana yule akasahauliwa na wengi. Hata hivyo kila mti wa Bramley uliopo duniani leo umetokana, kwa kubebeshwa, na mti alioupanda yeye, na Waingereza hulitumia tunda hilo jikoni vizazi kwa vizazi bila ya kulitaka mezani likiwa bichi. Kisa hiki kinabainisha kuwa watu waliozoea kupika tufaa walijua tangu zamani tafauti ya tunda la kutafuna na tunda la kupika, na ujuzi huo ndio uliolifanya pishi lao kuwa jepesi.

Tafauti hiyo haitokani na mazoea matupu. Nyama ya tufaa imeshikamanishwa na pektini, na moto ukiilegeza pektini hiyo kila aina hulegea kwa kadiri yake. Granny Smith, lililoota kwa bibi Maria Ann Smith karibu na Sydney, Australia, katika miaka ya 1860, hustahimili moto, na vipande vyake huiva vikabaki na umbo. McIntosh, ambalo mche wake ulionekana na John McIntosh huko Ontario, Canada, mwaka 1811, lina harufu ya kupendeza mno, lakini likikaa jokoni husagika likawa rojo. Wala umbo si jambo pekee: tufaa la kupika lapasa kuwa na ukali, kwa sababu utamu wa sukari usiopingwa na ukali wowote huchosha ulimi katika kijiko cha pili. Mpishi mwenye maarifa huchanganya aina mbili, gumu na kali ndilo liwe wingi, laini na lenye harufu liwe theluthi, ili la pili liyeyuke liwe mchuzi wa la kwanza. Na kwa kufanya hivyo hahitaji tena kopo wala unga wa kugandisha kwa wingi.

Asiyejua hayo huchagua kwa macho, na macho yamekwisha kuwadanganya wengi. Red Delicious, tufaa lililotoka katika shamba la Jesse Hiatt huko Iowa katika karne ya 19, lilikuwa tunda la kusifika, lakini wakulima na wafanyabiashara wakawa kila mara wanachagua matawi yenye matunda mekundu zaidi kwa kubebesha, hata wekundu ukazidi na ladha ikapungua. Na pamoja na hayo lilibaki kuwa la kwanza kwa wingi Marekani kwa miongo mingi, hadi mwaka 2018 lilipopitwa na Gala. Anayelitia jokoni kwa kuvutiwa na rangi yake hupata ngozi ngumu na nyama isiyo na ladha, kisha hulilaumu pishi, ilhali kosa lilifanyika sokoni.

Majira nayo yana hoja yake. Tufaa linaweza kununuliwa mwezi wowote, kwa kuwa wanasayansi Franklin Kidd na Cyril West wa Cambridge walionyesha, tangu miaka ya 1920, namna ya kulihifadhi kwa muda mrefu katika baridi na hewa iliyopunguzwa oksijeni, na leo matufaa yaliyochumwa Oktoba huuzwa Mei yakiwa yanang'aa. Hiyo ni hisani kubwa kwa walaji, wala siikani. Lakini tunda likikaa ghalani ukali wake hupungua siku hadi siku, na harufu yake hufifia. Kwa hiyo tufaa la majira ya mapukutiko, lililotoka mtini majuma machache yaliyopita, linaingia jokoni na ukali wake wote, na pishi hupata bure kile ambacho baadaye mpishi atakitafuta kwa ndimu, viungo na sukari. Kupika kitu kwa wakati wake ni nusu ya kazi iliyokwisha kufanywa na mti.

Na tuliangalie sasa pishi lenyewe, lile ambalo Wamarekani huliita crisp na Waingereza crumble. Chukua matufaa kiasi cha kilo moja na robo, ambayo ni sita au saba makubwa, uyamenye, uyapasue mara nne, uondoe sehemu ya mbegu, kisha uyakate vipande vyenye unene wa karibu sentimita moja, kwani vikiwa vyembamba mno vitapotea na vikiwa vinene mno vitakuwa bado vibichi hali juu pameungua. Yakamulie nusu ya ndimu mara moja, maana tufaa lililomenywa likipigwa na hewa vimeng'enya vyake huligeuza likawa la hudhurungi, na ukali wa ndimu huvizuia. Changanya na vijiko vitatu vikubwa vya sukari, kijiko kimoja kikubwa cha unga wa ngano, kijiko cha chai cha mdalasini, na kungumanga ya kukwaruza kidogo tu, kisha uyatandaze katika bakuli la kuokea.

Kifuniko chake kinataka gramu 120 za unga wa ngano, gramu 90 za oti zile bapa zipikiwazo uji, gramu 100 za sukari ya kahawia, chumvi kidogo, na gramu 110 za siagi baridi iliyokatwa vipande. Visugue kwa ncha za vidole mpaka viwe mithili ya mchanga uliochanganyika na kokoto, na hapo ukome, kwa sababu siagi ikiyeyuka mkononi kifuniko huwa donge zito, ilhali ikibaki baridi huuvaa unga, huuzuia kushikana, na jokoni huacha nafasi ndogo ndogo ambazo ndizo zinazokatika kwa kishindo chepesi mdomoni. Mwagia juu ya matufaa bila ya kukandamiza, uoke katika joto la digrii 180 za Selsiasi kwa dakika 45 hadi 50. Saa pekee haitoshi kuwa shahidi. Tazama kingoni mwa bakuli, ambapo mwanzo maji ya tunda hutoa mapovu mepesi ya haraka, na baadaye hutoa mapovu mazito, ya polepole, yenye kung'aa. Yatokeapo hayo ya pili, na ncha ya kisu ikapenya bila ya kugomewa, pishi limekwisha. Liache litulie dakika 20, ili mchuzi wake ushikamane, ndipo ulipakue na malai.

Kazi ya mikono katika pishi hili haifiki nusu saa, na kifuniko hiki kilichukua mahali pa unga wa kusukuma ambao huwashinda wengi. Wala wepesi huo haukuja kwa uvivu. Uingereza ilianza kugawa siagi na sukari kwa vipimo tarehe 8 Januari 1940, na ugawaji wa vyakula haukwisha kabisa hadi Julai 1954. Katika miaka hiyo ya dhiki mama wa nyumbani hakuwa na mafuta ya kutosha kutengeneza andazi la kufunikia matufaa juu na chini, na kifuniko cha makombo, kinachoridhika na kidogo kilichopo, kilipata nafasi kubwa jikoni. Watu wale hawakuwa na paketi. Walikuwa na fahamu ya kuwa tunda likiwa zuri halihitaji mavazi mengi.

Yuko ambaye hata hayo ni mengi kwake. Huyo namwusia tufaa zima la kuokwa, pishi kongwe kuliko lile. Toboa sehemu ya mbegu kutoka juu bila ya kufika chini, jaza zabibu kavu, sukari kidogo na kipande cha siagi, chomeka karafuu mbili au tatu, kisha pitisha ncha ya kisu katika ngozi kuzunguka kiuno cha tunda. Mkato huo ni mdogo, lakini ndio siri ya jambo lote: moto huyageuza maji ya tunda kuwa mvuke, na mvuke usipopewa njia huipasua ngozi ovyo. Tia vijiko vichache vya maji chini ya sinia, uoke kwa dakika 40 au zaidi kwa kadiri ya ukubwa wake. Anayeujua mkato ule hulipata tufaa limesimama. Asiyeujua hulichota kwa kijiko kutoka katika sinia.

Nayasema haya kwa wasomaji wa nyumbani, lakini zaidi kwa ndugu zetu wasemao Kiswahili ambao leo maskani yao ni Portland katika jimbo la Maine, au Buffalo katika jimbo la New York, wengi wao wakiwa wametoka Kongo, nao wanaishi si mbali na mashamba ambako mtu huruhusiwa kuingia na watoto wake akachuma matufaa kwa mikono yake. Aila inayopita mbele ya neema hiyo ikanunua andazi la tufaa lililogandishwa kwa barafu imenunua taabu ya mtu mwingine kwa ghali na kuikosa ladha ya nchi inamoishi. Nao wana mali ambayo jirani zao hawana kwa wingi kama wao, yaani mazoea ya viungo: iliki iliyotwangwa sasa hivi, mdalasini wa kijiti, karafuu ya Pemba inayotoa mafuta ikiminywa kwa ukucha. Iliki kidogo ndani ya kifuniko kile hailiharibii pishi la wenyeji asili yake, hulizidishia heshima.

Na wa huku nyumbani wasidhani hawahusiki. Wakulima wa Njombe na Makete hulima matufaa katika baridi ya nyanda za juu za Tanzania, na masoko ya mijini hupokea mengine kutoka Afrika Kusini. Atakaye kupika na achague lililo gumu na kali, hata kama jekundu linapendeza zaidi. Asiye na joko na akumbuke mama zetu wa pwani wanavyooka mkate wa kumimina kwa kuupalia makaa juu ya kifuniko na kupunguza yale ya chini: moto huo huo, ukipangwa kwa hadhari, utaoka tufaa.

Nitaambiwa kuwa mtu atokaye kazini usiku, mwenye watoto wenye njaa, hana wasaa wa kuuliza asili ya tunda. Nami namheshimu mtu huyo kiasi cha kutotaka auziwe ujinga kwa jina la msaada. Maarifa niliyoyataja hujifunzwa mara moja na hayadai malipo tena: tufaa lipi, majira gani, siagi ibaki baridi, mapovu yawe mazito, ngozi ikatwe kiunoni. Mtoto wa miaka kumi, awe wa kike au wa kiume, anaweza kuyashika katika jioni moja, na akiyashika amemtua mzazi wake sehemu ya mzigo kwa miaka yote ijayo. Pishi la paketi humwacha mpishi siku ya mia alipokuwa siku ya kwanza. Pishi la maarifa huwa jepesi zaidi kila lirudiwapo, na hiyo ndiyo sababu ya kulifundisha nyumbani msimu huu, matufaa yangali mapya.