MAARIFA YA NYUMBANI: Kompyuta Inapomkana Mwenyewe

Katika nyumba nyingi za kambini kompyuta ni moja na watumiaji ni watano. Siku moja baba hutaka kuweka programu mpya. Huandika neno la siri sawasawa, lakini mashine humjibu kwamba jina lake halimo katika faili ya sudoers. Jirani mjuzi huitwa, naye hushauri diski ifutwe na mfumo uwekwe upya. Asikubaliwe hata kidogo! Picha za arusi na hesabu za chama cha akina mama zingepotea bure, ilhali kosa lenyewe huenda ni la herufi moja.

Katika Linux mwenye mamlaka yote huitwa root. Ubuntu, tangu ilipotoka mwaka 2004, humfungia root mlango. Mtu wa kwanza kuandikishwa huazima mamlaka hayo kwa amri ya sudo, iliyobuniwa yapata mwaka 1980 huko Buffalo, Marekani. Ni mfano wa funguo za ghala la silaha: hukabidhiwa yule tu aliyeandikwa daftarini, na kila azimo huwekewa kumbukumbu.

Basi jina hufutikaje? Mara nyingi mwenyewe alitaka kujiingiza katika kundi lingine, tuseme la mashine ya kuchapia, akaandika usermod -G pasipo herufi a. Herufi hiyo ndiyo isemayo “ongeza”. Ikikosekana, mtu huondolewa katika makundi yake mengine yote, la sudo likiwemo.

Dawa ni hii. Kompyuta izimwe na kuwashwa upya huku Shift imeshikiliwa, au Esc ikibonyezwa kwa mashine za siku hizi, hata orodha ya GRUB itokee. Ichaguliwe Advanced options, kisha recovery mode, kisha root. Hapo diski husomeka tu bila kuandikika; kwa hiyo kwanza:

mount -o remount,rw /

halafu, jina la mtumiaji likiwekwa mahali pa “jina”:

usermod -aG sudo jina

Mwisho, reboot. Ikiwa faili ya sudoers yenyewe ndiyo iliyoharibika, irekebishwe kwa visudo peke yake, maana hiyo hukagua sarufi kabla ya kuhifadhi.

Askari mwenye macho ameshatambua kwamba njia hii ii wazi pia kwa mwizi aliyeketi mbele ya mashine. Kompyuta yenye barua za kazi ifungiwe diski yake kwa usimbaji tangu siku ya kuweka mfumo, nao watoto wafunguliwe akaunti zao wenyewe, zisizo na sudo.