Kicheko Kilichochelewa: Mashabiki wa Mchezo wa Redio na Suala la Hadhira

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya fasihi simulizi, hadhira huelezwa kuwa ni nguzo mojawapo ya utendaji. Fanani hutamba, hadhira huitikia, hucheka, huguna na pengine humkatiza. Kwa sababu hiyo redio hutazamwa kwa mashaka. Msemaji yumo studioni, msikilizaji yuko nyumbani kwake, na baina yao hakuna neno linalorudi. Ni rahisi basi kuhitimisha kwamba redio imekihifadhi kinywa cha fanani na kulizika sikio la hadhira.

Makala haya yanapinga hitimisho hilo. Yanadai kwamba hadhira ya mchezo wa redio haifi, bali huchelewa. Vitendo vya mashabiki ambavyo wasomi wengi huvipuuza kwa kuviona kuwa ni utoto ni mwitikio uleule wa hadhira ya ngano, isipokuwa umehamishwa wakati na mahali. Mfano unaotumika ni mchezo wa Kiingereza wa kuchekesha uliojengwa juu ya bunilizi ya kisayansi, The Hitchhiker's Guide to the Galaxy, wa Douglas Adams. Mfano huo umeteuliwa kwa sababu mwitikio wa wasikilizaji wake umeacha alama nyingi zinazoweza kuchunguzwa.

2.0 Mchezo Usio na Watu Ukumbini

Sehemu ya kwanza ya mchezo huo ilitangazwa na BBC Radio 4 tarehe 8 Machi, 1978, saa nne na nusu usiku. Mfululizo wa kwanza ulikuwa na sehemu sita, kila moja ikichukua nusu saa. Kisa chake ni chepesi kueleza. Mwingereza mmoja, Arthur Dent, anaamka na kukuta tingatinga nje ya nyumba yake. Nyumba inabomolewa ili barabara ipite. Siku hiyohiyo dunia nzima inabomolewa na viumbe waitwao Vogon ili njia ya angani ipite. Wakaazi wa dunia wanaambiwa kwamba hawana haki ya kulalamika, kwani ramani za mradi zilikwisha kubandikwa katika ofisi husika, nayo ofisi hiyo iko katika nyota nyingine.

Kiisimu, kicheko hapa hakitokani na maajabu ya anga. Kinatokana na rejesta. Maangamizi ya ulimwengu yanatangazwa kwa lugha ya karani wa halmashauri: lugha ya taarifa, tarehe ya mwisho na mujibu wa sheria. Msikilizaji yeyote aliyewahi kuzungushwa ofisini kutoka dirisha hili hadi lile anaitambua sauti hiyo papo hapo, awe London au Dodoma.

Jambo la msingi kwa mjadala huu ni namna mchezo ulivyorekodiwa. Vichekesho vingi vya BBC vya wakati ule vilirekodiwa mbele ya watu waliokaa ukumbini, na kicheko chao kilisikika redioni kama sehemu ya mchezo. Mchezo wa Adams haukufanywa hivyo. Ulirekodiwa kwa sauti ya stereo, ukajengwa tabaka juu ya tabaka kwenye kanda, kwa milio iliyotayarishwa na karakana ya sauti ya BBC, yaani Radiophonic Workshop. Kazi ya aina hiyo haikuruhusu watu kukaa na kutazama. Aidha, msimulizi, Peter Jones, alisoma maneno yake kwa utulivu wa mtu anayesoma kamusi, bila kudokeza hata kidogo kwamba anatania.

Matokeo yake ni kwamba msikilizaji aliachwa peke yake, usiku, bila mtu wa kumwonyesha mahali pa kucheka. Kicheko kilichozoeleka ukumbini kilikuwa kimeondolewa. Swali linalofaa kuulizwa ni hili: kicheko hicho kilikwenda wapi?

3.0 Mwitikio wa Mashabiki

Jibu linapatikana katika matendo ya wasikilizaji baada ya utangazaji. Mfululizo huo ulirudiwa mara mbili ndani ya mwaka uleule wa 1978. Mwaka 1979, katika mkutano wa dunia wa wapenzi wa bunilizi za kisayansi uliofanyika Brighton, mchezo huu wa redio uliteuliwa kuwania tuzo ya Hugo na kushika nafasi ya pili nyuma ya filamu ya Superman. Mwaka 1980 mashabiki waliunda chama chao, ZZ9 Plural Z Alpha, jina lililotoholewa kutoka katika mchezo wenyewe. Watu waliosikiliza kila mmoja chumbani kwake walikuwa wanatafutana.

Walipokutana, walifanya nini? Tendo la kwanza lilikuwa ni kurudia maneno. Shabiki mmoja hutaja nusu ya sentensi, mwingine huikamilisha, na wote hucheka. Mhakiki asiye mvumilivu huona hapo uvivu wa fikra. Lakini mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili anapaswa kuona jambo analolifahamu. Mtegaji husema "kitendawili", wenzake hujibu "tega". Methali hutajwa nusu, na msikilizaji huimalizia. Katika tanzu hizi, anayejibu mara nyingi halijui jibu kwa mara ya kwanza. Analijua tayari, na raha iko katika kulitoa mbele ya wengine. Mashabiki wa Adams, bila kufundishwa na yeyote, waliyageuza maneno yaliyosikika upande mmoja yakawa maneno ya kuitikiana.

Tendo la pili ni la taulo. Katika mchezo, taulo husifiwa kuwa chombo chenye manufaa kuliko vyote kwa msafiri wa anga. Adams alifariki tarehe 11 Mei, 2001, akiwa na umri wa miaka 49. Wiki mbili baadaye, tarehe 25 Mei, mashabiki walibeba mataulo siku nzima kwa kumkumbuka, na desturi hiyo imeendelea kila mwaka. Mtu mgeni anaweza kuona kwamba kubeba taulo ni dhihaka isiyofaa kwa marehemu. Hata hivyo, jamii zinazojua utani wa makabila hazina sababu ya kushangaa. Mtani huchekesha msibani, wala hakuna anayesema kwamba hakumpenda aliyekufa. Kicheko chake ni namna ya kubeba jeneza.

Tendo la tatu ni ubishi juu ya matoleo. Kisa hiki kilitangulia kuwa mchezo wa redio mwaka 1978, kikawa riwaya mwaka 1979, tamthilia ya televisheni mwaka 1981 na filamu mwaka 2005. Matoleo hayo hayapatani. Matukio huongezwa, hupunguzwa na kubadilishwa, na aliyeanza kuyabadilisha ni Adams mwenyewe. Mashabiki hubishana ni lipi lililo sahihi. Mtafiti wa ngano angeweza kuwaambia kwamba swali hilo halina jibu, kwani kila utambaji ni toleo. Lakini angekosea iwapo angeupuuza ubishi wenyewe. Katika kubishana, wasikilizaji hutamka vigezo vyao: sauti ipi ilimfaa mhusika yupi, kituo kipi cha kimya kilileta kicheko, neno lipi halikustahili kuondolewa. Huo ni uhakiki, hata kama haukuandikwa na mhakiki.

4.0 Hoja ya Namba 42

Pingamizi kubwa dhidi ya mashabiki hutokana na namba 42. Katika mchezo, kompyuta kubwa hufikiri kwa miaka milioni saba na nusu ili kutoa jibu la swali kuu la maisha na ulimwengu. Jibu lake ni 42, na hapo ndipo inapogundulika kwamba hakuna aliyelijua swali. Tangu hapo wasikilizaji wameisaka siri ya namba hiyo. Baadhi wameonyesha kwamba sita mara tisa, hesabu inayotajwa mwishoni mwa mfululizo wa kwanza, huandikwa 42 iwapo mtu atahesabu kwa msingi wa 13 badala ya 10. Hesabu hiyo ni sahihi. Adams alikana kwamba aliikusudia; alisema kuwa namba hiyo ilikuwa mzaha tu, namba ya kawaida aliyoichagua.

Wapo wanaoona kwamba kauli ya mwandishi imefunga mjadala. Wapo pia wanaodai kwamba mwandishi hana mamlaka, hivyo kila tafsiri ni halali. Misimamo yote miwili inakosa shabaha. Wolfgang Iser alieleza kwamba matini huwa na mapengo ambayo msomaji huyajaza. Hapa pengo si bahati mbaya; pengo ndilo mzaha wenyewe. Jibu limetolewa bila swali. Msikilizaji anayelitafuta swali anafanya jambo lilelile linalofanywa na wahusika wa mchezo, na kwa kufanya hivyo anauendeleza mchezo nje ya redio. Hajakosea maana, ameingia jukwaani. Kwa hiyo mtafiti asiulize kama tafsiri ya msingi wa 13 ni ya kweli. Aulize ni kitu gani katika mpangilio wa mchezo kilichomfanya mtu mzima akae na kalamu akihesabu kwa ajili ya kichekesho.

Inafaa ikubaliwe kwamba ushahidi wa mashabiki una upungufu. Aliyezima redio katikati ya sehemu ya kwanza hakuunda chama wala hakubeba taulo, na mawazo yake hayapatikani. Isitoshe, maneno yanayorudiwa mno huweza kugeuka mlango wa kuwazuia wageni: asiyejua kuitikia huonekana si mwenzao. Upungufu huu unadai uangalifu wa kiutafiti. Hauhalalishi kunyamaza.

5.0 Hitimisho: Wasikilizaji wa Kiswahili

Suala hili lina uzito wa karibu zaidi kwa wataalamu wa Kiswahili. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza mchezo wa Twende na Wakati, uliokusudiwa kuelimisha juu ya uzazi wa mpango na UKIMWI. Wasikilizaji wake walitafitiwa kwa makini. Dodoma iliachwa bila mchezo huo hadi mwaka 1995 ili ilinganishwe na mikoa mingine. Wachunguzi walitaka kujua nani amebadili mwenendo na nani ameanza kutumia njia za uzazi wa mpango. Hayo yalikuwa maswali ya haki. Lakini msikilizaji alihesabiwa kama mteja wa kliniki. Alivyomcheka au kumchukia Mkwaju, yule dereva wa lori, maneno yapi aliyachukua na kuyatumia kibarazani, na nani alimkamilishia sentensi, hayo yalikuwa maswali ya idara za Kiswahili kuuliza.

Kanda hufutwa, barua za wasikilizaji huchomwa au huliwa na mchwa, na walioisikia michezo ya miongo iliyopita wanazidi kuzeeka. Mwitikio uliochelewa unaweza bado kukusanywa, lakini hauwezi kungoja milele. Mwanafunzi wa shahada ya pili anayetafuta mada anaweza kuanza kwa jambo dogo: kukaa na mzee aliyekuwa akisikiliza redio, kumtajia nusu ya sentensi ya mchezo wa zamani, na kunyamaza. Iwapo mzee ataimalizia na kucheka, hadhira itakuwa imepatikana.